Keria ya mbele ya kuchomelea kwenye Phoenix yangu: uzoefu wangu hapa Tabora

Nafuga kuku wa mayai Ipuli, na mayai yote yanafika madukani mjini kwa baiskeli yangu ya Phoenix. Nikirudi, keria ya nyuma inabeba kiroba cha chakula cha kuku cha kilo 50. Kwa uzito huo mbele panakuwa pepesi mno, usukani unacheza, na kwenye mwinuko gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Trei tupu na bidhaa za nyumbani nazo hazina pa kukaa. Ndiyo maana nikatafuta keria ya mbele, na hii niliyonayo sasa naipenda sana.

Nilizunguka kwanza kuona zilizopo. Kikapu cha kuning'iniza kwenye usukani nilikikataa palepale. Uzito wote unaangukia usukani, na kwa baiskeli yenye breki za vyuma kama yangu kinagandamiza vile vyuma vya breki. Keria za alumini za dukani ni nyepesi na zinapendeza, lakini zimetengenezwa kwa foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) zenye vishikio vya breki za waya. Phoenix haina vishikio hivyo. Muuzaji akasema nitumie vibana vya kuzungushia miguu ya foku. Tatizo ni kwamba foku ya Phoenix inapungua unene kuelekea chini, kwa hiyo kibana kikipata mzigo na mtikisiko kinateremka kidogokidogo mpaka keria inaegemea madigadi. Nimeshaona baiskeli ya jirani ikifika hapo.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja aliyezoea keria za nyuma za wabeba mkaa. Nilipomwambia nataka nondo ya milimita 10 akatikisa kichwa: “Mwanangu, ya kumi ni ya geti hiyo. Chukua ya nane.” Tukapiga hesabu. Keria yangu ilikula karibu mita nne za nondo. Ya milimita 8 ina takribani gramu 395 kwa mita, ya 10 ina gramu 617, kwa hiyo tofauti inakaribia kilo nzima, na hiyo ungeigeuza kila unapokata kona. Nilichukua ya nane na haijapinda.

Jambo la kusimamia kwa fundi yeyote ni miguu ifike kwenye ekseli ya gurudumu. Kila mguu unaishia kwenye kibati kinene chenye tundu, ekseli inapita humo, nati inakaza. Mzigo unashuka moja kwa moja kwenye ekseli. Kule juu, mkono mmoja unafungwa kwenye bolti ya madigadi iliyo juu ya foku, na kazi yake ni kuzuia keria isilale mbele, basi. Kabla ya kuchomelea, mwambie afunge kwanza kwa waya, ugeuze usukani kulia na kushoto hadi mwisho, na ukamate breki. Kile chuma cha breki kinapanda na kushuka, kinahitaji nafasi. Angalia na dinamo ya taa pia: kwangu mguu wa kushoto ulipindishwa kidogo uipishe.

Ufungaji wenyewe ni spana mbili na dakika chache, ila uangalie nyuzi za ekseli. Hapo tayari pana mkono wa madigadi na washa. Ukiongeza kibati, nati inaweza isipate nyuzi za kutosha. Lazima nyuzi zichomoze kidogo nje ya nati. Kwangu hazikuchomoza, fundi baiskeli akaweka ekseli ndefu zaidi, na hapo sikutaka kubana pesa, maana nati hiyo ndiyo imeshika gurudumu. Taa nayo inahama. Mzigo unaifunika ikibaki pale kwenye shingo, kwa hiyo omba kishikio chake kwenye ukingo wa mbele wa keria.

Njiani, mbele naweka trei tano. Yai moja ni kama gramu 60, kwa hiyo mayai 150 ni kilo tisa hivi, na trei nimezifunga kwa mpira wa tyubu juu ya gunia lililokunjwa. Sizidishi sana hapo: gurudumu langu la mbele lina spoku 32, la nyuma 40, na tofauti hiyo ina sababu. Mzigo huo wa mbele unautuliza usukani vizuri. Kwenye mchanga wa kiangazi lakini gurudumu linazama na kuvuta upande, inabidi ushuke usukume. Ukisimamisha baiskeli, usukani unageuka wenyewe na kuiangusha, kwa hiyo nafunga gurudumu na bomba la fremu kwa kipande cha mpira kabla sijaiachia.

Malalamiko yangu ni rangi. Ilipigwa juu ya chuma kitupu bila rangi ya chini, na masika ikabanduka kwenye kona zote. Nimepiga msasa na kurudia mwenyewe. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya alumini.

Mwenye baiskeli ya foku za springi asiige muundo huu. Springi ikibonyea, ekseli inasogelea sehemu ya juu ya foku, na keria iliyofungwa kote kuwili itavunjika kwenye maungio au itaizuia springi isifanye kazi.