Cupramine dhidi ya madoa meupe ya samaki wa bahari: uzoefu wangu

Cupramine, dawa ya shaba inayotengenezwa na kampuni ya Seachem ya Marekani, iliwaponya samaki wangu ugonjwa wa madoa meupe, nami naipendekeza kwa yeyote anayefuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani. Ninaweka sharti moja tu: atakayeinunua anunue na kipimo cha shaba palepale, kwani shaba ikipungua majini haitibu na ikizidi humuua samaki mwenyewe.

Aliyeugua kwanza ni kangaja wa samawati, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano, ambaye wazamiaji wa pwani yetu ya Kenya humkamata kwa biashara ya samaki wa mapambo na ambaye wafugaji wanamjua kwa wepesi wake wa kushikwa na maradhi haya. Mapezi yake yalijaa vidoa mithili ya chembe za chumvi, akawa anajisugua ubavu kwenye mawe na kuhema upesi upesi. Kinacholeta ugonjwa huo ni kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans, na ni vyema mtu akielewe kabla ya kufungua chupa. Kimelea hujificha chini ya ngozi ya samaki na kumla kwa siku tatu hadi saba, kisha hudondoka, hujifunga ndani ya kifuko kigumu mchangani au juu ya mawe, na humo hujigawa mpaka vitoke vimelea vichanga, pengine zaidi ya mia mbili, vinavyoogelea kutafuta samaki wengine. Ndiyo maana madoa hutoweka yenyewe baada ya siku chache, mwenye samaki akashukuru kwamba wamepona, kumbe ndio kwanza wimbi la pili linaandaliwa.

Shaba haikiui kimelea kilichozama ngozini, wala haipenyi kile kifuko. Inaviua vile vichanga tu, katika muda mfupi vinapoogelea. Kwa hiyo mtengenezaji anaposema kiwango kishikiliwe kwa siku 14, maana yake ni kwamba siku zote hizo kila kinachotoka kwenye kifuko kikutane na shaba ya kutosha. Kiwango kikishuka kwa siku mbili katikati, kazi yote imeharibika.

Matibabu nilifanyia kwenye tangi la pembeni, na hapa hakuna njia ya mkato. Shaba huwaua matumbawe, kamba, konokono na anemoni, na mawe ya chokaa pamoja na mchanga wa matumbawe huifyonza, hivyo haimwagwi katika tangi kuu hata mara moja. Tangi langu la wagonjwa lilikuwa na kioo kitupu, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, kichujio cha sponji na pampu ya hewa. Makaa ya kuchujia nayo huondolewa, kwa kuwa huinyonya dawa.

Maelekezo ni mililita 1 kwa kila lita 40 za maji, kusubiri saa 48, kisha kurudia kipimo kilekile ili kufikia miligramu 0.5 za shaba kwa lita. Tahadhari: dawa nyingine za shaba, zile ambazo shaba yake imefungwa ndani ya kemikali nyingine, hutumika kwa miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, na anayechukua tarakimu hiyo akaipeleka kwenye Cupramine atawazika samaki wake. Nilianza na kipimo cha kulinganisha rangi na kadi, cha kampuni ambayo sitaitaja, lakini chini ya taa ya sebuleni rangi ya 0.25 na ya 0.5 zilikuwa kama pacha. Nilihamia kwenye kifaa kidogo cha kupimia shaba cha kampuni ya Hanna, HI702: unajaza kichupa mililita 10 za maji ya tangi, unakisawazisha kisome sifuri, unatia unga wa pakiti na kutikisa, maji yanageuka zambarau, na baada ya muda mfupi kioo kinakuandikia tarakimu. Bei yake iliniuma kuliko ya dawa, ila ndicho kilichoniwezesha kulala.

Samaki waliivumilia dawa vizuri, ingawa kangaja alipunguza kula mwanzoni. Usumbufu mkubwa ulikuwa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe, kwa sababu sponji lilikuwa bado changa, halijapata bakteria wa kutosha wa kuiondoa, na dawa za kutuliza amonia au kuondoa klorini hazichanganywi na Cupramine, kwani huibadilisha shaba ikawa sumu kali zaidi. Njia iliyobaki ni kubadilisha maji mara kwa mara, na maji mapya yatiwe shaba ya kiwango kilekile kabla hayajamiminwa.

Asitarajie mtu kwamba dawa hii inatibu kila kimelea. Inafaa pia kwa Amyloodinium, ule ugonjwa wa vumbi laini unaoua haraka zaidi, lakini minyoo bapa ya ngozini na kwenye matamvua huhitaji prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa watoto wetu shuleni dhidi ya kichocho.

Na tangi kuu lazima likae bila samaki hata mmoja wakati wagonjwa wanatibiwa na baada ya hapo, ili vichanga vitokavyo kwenye vifuko vikose pa kushika na kufa. Wafugaji wengi hushika siku 76. Kamba, konokono na matumbawe hubaki humo na kutunzwa kama kawaida, kwa kuwa kimelea hiki hakiwashiki.