Abakasi ya mbao ya shanga 100: uzoefu wangu na watoto wa PP1 na PP2

Nimeitumia muhula mzima kufundisha kujumlisha watoto wa chekechea wa miaka minne na mitano hapa Nairobi. Inunue, ila usiwape watoto kabla hujairekebisha. Ni fremu yenye nyaya 10, kila waya una shanga 10. Nililipa shilingi 850. Mbao ni nzito na haipinduki ovyo.

Kasoro kubwa ni rangi. Waya wa juu wote ni mwekundu, wa pili wote ni buluu. Mtoto akiona shanga saba nyekundu mfululizo, hana njia ila kuhesabu moja moja. Laza fremu juu ya sinia, fungua ubao wa kulia kwa bisibisi, kisha badilisha shanga tano za mwisho: nyekundu tano ziende chini, buluu tano zipande juu. Usiinamishe fremu, utaokota shanga mia chini ya kochi. Sasa saba ni nyekundu tano na buluu mbili, na baada ya siku chache mtoto anaitaja kwa kutupa jicho tu.

Shanga pia zinateleza zenyewe. Zungusha rababendi katikati ya waya, zinatulia.

Mchezo unaopendwa zaidi ni wa matatu. Waya mmoja ni gari la viti kumi, mtoto ndiye makanga. Shanga za kulia ziko stejini, za kushoto zimepanda. "Ndani wako wanne, hapa Kangemi wamepanda watatu. Gari lina wangapi?" Baadaye uliza viti vingapi vimebaki, na hapo jozi za kumi, kama saba na tatu, zinaingia bila wimbo wa kukariri. Usianze na wanaoshuka. Kujumlisha na kutoa kwa siku moja kunawachanganya.

Kosa utakaloliona kwa karibu kila mtoto ni hili: kwenye nne na tatu, anahesabu "nne, tano, sita" na kukwambia sita. Si uvivu. Ameihesabu tena ile nne aliyosimama juu yake, kama anayecheza ludo akaanza kuhesabu kwenye kisanduku alichomo. Ukimwambia "anza na tano" atakubali leo, kesho atarudia, kwa sababu hajaona ile nne imekwenda wapi. Funika shanga nne kwa kiganja chake mwenyewe. Agonge mgongo wa kiganja mara moja akisema "nne", kisha aguse zile tatu zilizo wazi: "tano, sita, saba." Akibisha, afunue ahesabu zote. Kiganja kiondoke siku atakapoacha kukihitaji, si siku uliyopanga wewe.

Ukivuka kumi, taja namba kwa Kiswahili hata kama darasa ni la Kiingereza. "Kumi na tatu" inasema yenyewe ilivyo: waya mmoja mzima na shanga tatu za waya wa pili. "Thirteen" haimwambii mtoto kitu. Angalia tu sita na tisa. Herufi ni zile zile, s na t tu zimebadilishana nafasi, na wadogo huyachanganya.

Dadu mbili zilizokuja ndani ya boksi ni ndogo mno, weka mbali na wadogo wanaotia vitu mdomoni. Kata sponji ya godoro vipande viwili vya sentimita tano kila upande, uchore nukta 1, 1, 2, 2, 3, 3. Jumla haizidi sita, kiasi kinachowatosha PP1 kwa wiki za mwanzo. Kadi za "3 + 2 =" nimezifungia kabatini hadi mtoto aweze kusimulia safari ya matatu mwenyewe; alama ya kujumlisha ikitangulia, wanaichukulia kama mchoro tu.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeikata kwa sababu ya rangi, maana kiwanda kingeweza kuzipanga tano tano bila kuongeza hata shilingi.