Show ya Alhamisi pale Kondele, usiku wa Ronald Koeman: 50 bob imeenda vizuri

Hii si ile show (ukumbi wa kuonyesha mechi) ya kawaida ya wikendi ya Arsenal na Manchester watu wakisukumana mlangoni. Ni ya Alhamisi jioni, iko juu ya maduka ya spea za pikipiki hapo Kondele, Kisumu, haina bango, uliza tu show ya mechi za zamani na mtu wa boda yeyote pale stage atakuonyesha ngazi. Kiingilio 50 bob. Mwenye show anachagua mtu mmoja wa mpira halafu anapanga mechi zake kuanzia akiwa mchezaji mpaka akiwa kocha, moja anaiweka nzima na zingine vipande virefu, si zile klipu za mabao tu za dakika mbili ambazo hata kwa simu unapata. Kwa hilo peke yake amewashinda wengine wote wa hapa Kisumu, sijui mwingine anayefanya hivi.

Alhamisi iliyopita ilikuwa ya Koeman, yule Mholanzi. Vijana wengi mle ndani walikuwa wanamjua tu kama yule kocha aliyekuwa Barcelona Messi akiondoka 2021, na hiyo ni kumkosea heshima kabisa, kwa sababu huyu ni beki aliyefunga mabao zaidi ya 200, beki jamani, na 1988 pekee alichukua Kombe la Ulaya la vilabu na PSV kisha akabeba Euro, kombe la mataifa, na Uholanzi.

Mechi iliyowekwa nzima ni fainali ya Wembley 1992, Barcelona na Sampdoria, ikaenda mpaka dakika za nyongeza. Ukiiangalia nzima ndio unaelewa huyu mtu alikuwa anafanya nini. Mbio hana, na haonekani akihangaika, anasimama nyuma anaangalia uwanja wote halafu anatoa pasi ndefu ya mshazari inatua kwa winga mguuni, anarudia tena na tena mpaka watu kwa benchi wakaanza kupiga makofi kwa pasi, si kwa bao. Halafu ikafika ile friikiki ya dakika ya 112, Stoichkov akasukuma, Bakero akausimamisha, Koeman akaupiga chini na kwa nguvu, Pagliuca akachelewa, na hilo ndilo likawa Kombe la Ulaya la kwanza la Barcelona. Ukumbi ulilipuka utadhani ni mechi ya jana. Mwenye show hapo akasimamisha picha akaanza kuonyesha na fimbo wale waliokuja kuwa makocha, Guardiola huyo, Laudrup huyo, Mancini na Vialli upande wa pili. Nilipenda sana hiyo, hakuna mtangazaji wa TV angenionyesha hivyo.

Na mwenye show hakumficha Koeman udhaifu wake. Aliweka pia kipande cha Athens 1994, Milan wakiwapiga Barcelona 4-0, na pale unaona wazi beki asiye na mbio anavyoteseka akiwekewa mpira nyuma ya mgongo.

Upande wa ukocha mwenye show alianza na Southampton, Ajax na Benfica akazipitia haraka kwa mdomo, na kwangu ni sawa kwa sababu Southampton ndio ilikuwa na Victor Wanyama wetu, kiungo wa Kenya. Koeman alifika 2014 akakuta wachezaji wa timu wameuzwa, Lallana, Lambert na Lovren wameenda Liverpool, Shaw ameenda United, Chambers Arsenal, kila mtu akisema hao wanashuka daraja. Akaleta Tadić, Pellè, Mané, akamaliza namba 7, mwaka uliofuata namba 6. Tukaona ile 8-0 ya Sunderland ambayo Wanyama alifunga moja, na lile la Hull, kipa ametoka akapiga mpira vibaya na Wanyama akaurudisha kutoka mbali kabisa ukaingia. Hapo kila mtu aliongea kwa wakati mmoja, mzee mmoja shabiki wa Ingwe akisimama kutukumbusha kwamba baba yake Wanyama alichezea hiyo hiyo Ingwe, yaani AFC Leopards, na watu wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, mahasimu wao, walimwachia amalize, jambo la nadra hapa mjini.

Lakini wacha niseme kilichofanya nikaona hii show ina akili. Baada ya Southampton jamaa akaweka Everton, na Everton aliyoichagua ni ile ya Julai 2017 kule Dar es Salaam dhidi ya Gor Mahia. Koeman kwa benchi upande mmoja, sisi upande wa pili! Rooney akafunga kutoka mbali, bao lake la kwanza tangu arudi Everton, dakika chache baadaye Tuyisenge wa Gor akasawazisha kwa kichwa, na nawaambia hilo bao lilishangiliwa kuliko la Wembley, mpaka vumbi likashuka kutoka kwa mabati. Dowell akatumalizia baadaye ikawa 2-1. Halafu bila kungoja akaweka Arsenal wakiwapiga Everton hao hao 5-2 kwao Oktoba mwaka huo huo, mechi iliyomfuta Koeman kazi timu ikiwa kwa zile tatu za mwisho zinazoshuka daraja. Ukiona hizo mbili zikifuatana unaelewa: akipewa timu iliyobomolewa anaijenga, akipewa pesa nyingi na wachezaji wanaofanana anachanganyikiwa. Huo ndio msimamo wangu na nilibishana nao mpaka chini ya ngazi, kuna jamaa alinishika na Copa del Rey, lile kombe la Uhispania, ambalo Koeman alichukua kama kocha wa Valencia 2008 na wa Barcelona 2021, na kusema ukweli ni hoja nzito, ingawa Valencia walimfukuza siku chache tu baada ya lile kombe.

Sasa mambo ya ukumbi wenyewe. Picha ni safi, projekta nzuri, sauti inatosha. Mabenchi hayana mgongo na kwa masaa manne utaumia, alete hata viti vichache vya plastiki kwa wazee watu waongeze 20 bob. Joto ni lingi, madirisha mawili hayatoshi. Stima ilipotea mara moja na jenereta ikawaka haraka. Chai na mandazi ziko, chai ni ya maziwa kweli. Wasichana walikuwepo na hakuna aliyewasumbua, mwenye show ni mkali kwa hilo na anatoa mtu nje bila kubembeleza. Choo kiko chini uani, beba tochi.

Nampa 4 kwa 5. Ombi langu kwake ni atafute mikanda ya mabeki wetu pia, Gor ya 1987 iliyochukua Kombe la Mandela, lile la Washindi la Afrika, mbele ya Espérance ya Tunisia nahodha wake alikuwa beki, Austin Oduor, na akiipata hiyo hata akisema 200 nitalipa.

Inaanza saa kumi na moja jioni na kuisha karibu saa tatu usiku, kwa hivyo kama unaishi mbali kama Mamboleo panga boda wa kukurudisha mapema. Benchi za katikati ndizo bora, za mbele utaumia shingo.