Usalama wa Taifa wa Zaire: huduma ya mteja mmoja

Nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa kudumu. Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), alikaa Ikulu miaka 31, tangu Novemba 1965, na watu wake wa usalama walijua vizuri nani kamsema vibaya na wapi. Jina la duka, yaani idara yenyewe, lilibadilishwa mara kadhaa: CND, kisha AND, mwaka 1990 ikawa SNIP. Pembeni jeshi lilikuwa na idara yake ya ujasusi, SARM, na kikosi cha kumlinda rais, DSP, kilikuwa na masikio yake. Bidhaa ilibaki ileile: kumlinda mtu mmoja. Nchi haikuwa mteja.

Habari ya ujasusi hupita mikono minne. Kuna mtoa habari, kuna afisa anayemwendesha, kuna mchambuzi anayeipima kwa chanzo cha pili, na kuna mkubwa anayeamua. Mkono mmoja ukilegea, mingine huweza kuubeba. Zaire ililegea yote minne.

Mkono wa kwanza uliuawa na njaa. Mwishoni mwa 1992 serikali ilichapa noti ya zaire milioni 5. Tshisekedi, kiongozi wa upinzani aliyekuwa akivutana na Mobutu, akatangaza kuwa si fedha halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliolipwa kwa noti hiyo walikwenda dukani wakarudi mikono mitupu, na Januari 1993 wakaipora Kinshasa. Sasa fikiria afisa wa usalama mwenye bahasha ya noti za namna hiyo. Hana cha kumpa mtoa habari wake, naye ana watoto nyumbani. Anachobaki nacho ni kitambulisho, kwa hiyo anakwenda kukitumia kwenye kizuizi cha barabarani, sokoni na mpakani, akikamata watu hadi ndugu zao walipe. Tangu hapo raia hampi habari tena, anampa hela apite.

Mkono wa pili ulikwamishwa na lugha, na hili wachambuzi wengi hulipita haraka. Lugha ya jeshi ilikuwa Kilingala, Kivu, mashariki mwa nchi, inazungumza Kiswahili. Askari anayeamrisha kwa Kilingala kwenye soko la Uvira husikia anachoambiwa, si kinachosemwa.

Mkono wa tatu haukuwa na muda. Idara nyingi zenye kazi moja huishia kupelelezana, na kila bosi hukalia habari yake hadi apate nafasi ya kuipeleka juu peke yake. Mobutu aliipenda hali hiyo, maana wakigombana wao hawamgeukii yeye. Ila hakuna aliyebaki wa kulinganisha vyanzo, na habari mbaya ilimchafua aliyeileta.

Mtihani wenyewe haukuwa mgumu. Tangu Julai 1994 zaidi ya wakimbizi milioni moja wa Rwanda walikuwa Goma, Bukavu na vitongoji vyake, na kati yao jeshi lililoshindwa, likiwa na silaha na likivuka mpaka kushambulia. Kuona kwamba Kigali haitavumilia hakukuhitaji shushushu. Oktoba 1996 vita vilianza Kivu Kusini, na ndani ya wiki chache Uvira, Bukavu na Goma zote zilikuwa zimeanguka. Mteja mwenyewe hakuwepo: alifanyiwa upasuaji wa saratani Uswisi mwezi Agosti na hakurudi hadi Desemba. Mkono wa nne, basi, ulikuwa kitandani Ulaya. Kisangani ilikwenda Machi 1997, Kinshasa tarehe 17 Mei.

Ukitaka kuipima idara ya nchi nyingine yenye vita, achana na magari na mitambo ya kunasa simu. Uliza mshahara wa afisa wa wilayani ulitoka lini mara ya mwisho. Uliza anaongea lugha gani na mama wauza dagaa. Halafu uliza habari mbaya ilipofika juu safari iliyopita, alifukuzwa nani: aliyezembea au aliyeileta?

Laurent Kabila, kiongozi wa waasi aliyemwangusha Mobutu, alifungua duka jipya mwaka huohuo wa 1997, akaliita ANR. Wapinzani wake waliendelea kukamatwa kama kawaida. Tarehe 16 Januari 2001 alipigwa risasi ofisini kwake Kinshasa, na aliyefyatua alikuwa mlinzi wake.