checkpatch.pl: mkaguzi mkali, ila mwacheni mbali na nyaraka

Nafundisha vijana kuandika draiva (programu zinazoendesha vifaa) za Linux katika chumba kimoja cha komini ya Kenya, hapa Lubumbashi nchini Kongo, na ukiondoa kihariri, hakuna programu tunayoitumia kama checkpatch.pl. Ni skripti ya lugha ya Perl iliyomo katika folda ya scripts ya msimbo wa kiini (kernel) cha Linux. Ni ya bure, na Perl huwa imo tayari ndani ya Ubuntu.

Kazi yake ni kusoma msimbo wa lugha ya C na kulalamikia mtindo wake. Umebonyeza nafasi nane badala ya Tab, analalamika. Umeandika if( bila kuacha nafasi, analalamika. Umeshusha bano la { mstari wa chini baada ya if, hapo ndipo vijana wangu humchukia kabisa, maana kibodi zetu ni AZERTY na alama hiyo hutoka kwa AltGr na 4. Lipo chaguo la --fix-inplace linalonyoosha mengi ya nafasi lenyewe, lakini anayeanza simruhusu kuligusa.

Kasoro yake niliiona kwenye somo la vifaa vya kuingizia. Huwa tunaanza na mfano wa kitufe kimoja uliomo katika nyaraka za kiini, input-programming.rst: katizo (ishara ya kifaa kwamba kuna jambo) likija, input_report_key hupeleka hali ya BTN_0, yaani kitufe chenyewe, kisha input_sync hutangaza kwamba taarifa imekamilika. Nyaraka zinaeleza vizuri kwamba kwa kitufe kimoja input_sync inaonekana ya bure tu, ila kwa kipanya ni muhimu, la sivyo X na Y vingesomwa kila kimoja peke yake na mshale ungekwenda kwingine. Naupenda sana mfano huu. Tatizo ni kwamba umo ndani ya faili la .rst, yaani la maandishi ya nyaraka, na kwa faili la namna hiyo checkpatch hagusi mtindo wa C hata kidogo. Mabano yakae yatakavyokaa, yeye kimya. Na mtu anayeanza hunakili kutoka wapi, kama si humo?

Basi mfano tunauhamishia kwenye button.c, tunaendesha:

./scripts/checkpatch.pl --strict -f button.c

Fanyeni hivyo ndani ya mti mzima wa kiini, yaani folda yote ya msimbo wake. Nje yake mtalazimika kuongeza --no-tree, na hapo ushauri wa kuandika faili la kichwa <linux/io.h> mahali pa <asm/io.h> hamtauona, kwa sababu lazima kwanza achungulie folda ya include. Mti ni mzito kwa anayenunua megabaiti, kwa hiyo wetu unatembea kwa flashi.

Ujumbe wote ni wa Kiingereza, na hawa wamesoma kwa Kifaransa, inachosha. Urefu wa mstari nao: tangu 2020 onyo halitoki mpaka uvuke herufi 100, ingawa mwongozo wa mtindo bado unapendelea 80. Darasani kwangu ni 80, na asiyetaka abishane na skrini zetu ndogo.

Kwa draiva nampa nyota tano. Kwa nyaraka, nyota mbili: moja ya tahajia, nyingine ya nafasi zilizosahaulika mwishoni mwa mstari, kwani hayo anayakamata hata kwenye .rst.