Nane Nane Nyamhongolo na familia: nendeni na mtu anayelima

Kiingilio cha maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nyamhongolo, Mwanza, hakimuumizi mtu. Kinachomaliza hela ni matumbo. Ukiwa na watoto watatu, ukajumlisha maji, juisi ya miwa, aiskrimu, picha juu ya ngamia na "mama naomba kile", unajikuta umetumia mara kadhaa ya ulicholipa getini na hujaona hata mche mmoja wa mhogo. Kwa wanaoniuliza kama inafaa kupeleka familia nzima, jibu langu ni ndiyo, nyota nne kati ya tano. Ila inategemea umeelekea upande gani wa viwanja, na umeongozana na nani.

Sisi tuliongozana na mama mkwe. Ni mtu wa Kwimba, amelima pamba, mihogo na choroko tangu mume wangu hajazaliwa. Alikuwa mjini kwa mambo ya kliniki, tukaona si vizuri ashinde ndani peke yake na televisheni. Shemeji yangu naye akaja na wanawe kutoka Sengerema. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ingemla asubuhi nzima. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anazipita zile kilomita 3 za maji akiwa amekaa kwenye kiti chake. Alifika viwanjani kabla yetu sisi tunaokaa humu humu Ilemela, na hajaacha kutusimanga mpaka leo.

Kwa mgeni: viwanja viko kando ya barabara ya kwenda Musoma, na daladala zinakushusha jirani kabisa. Haya ni maonesho ya mikoa mitatu, Mwanza, Geita na Kagera. Wenzetu wa Simiyu, Mara na Shinyanga wana ya kwao Nyakabindi, kule Bariadi. Shughuli inaanza Agosti 1 na kilele ni tarehe 8. Siku ya kilele waachieni wanaopenda hotuba. Barabara inafungana, na wataalamu wote wamejipanga mbele ya mabanda wakimsubiri mgeni rasmi, hata ukiwa na swali hupati wa kukusikiliza. Nenda siku za katikati, uwe umeshaingia saa tatu asubuhi.

Ukipita geti unakaribishwa na gulio. Sufuria, mashuka, viatu vya mtumba, dawa ya kutibu kila kitu, na kila banda lina spika inayoshindana na ya jirani. Sina ugomvi na wafanyabiashara, wanatafuta riziki, lakini vitu hivyo navipata sokoni Makoroboi siku yoyote. Shikeni watoto mkono, pita moja kwa moja mpaka kwenye vipando, yale mashamba ya mfano.

Vipando ndivyo nyota zangu tatu kati ya zile nne. Agosti huku kwetu ni kiangazi, majani ya barabarani yamekauka yamekuwa kahawia, halafu unakuta mahindi yamesimama kijani, mtama umebeba, mboga zimejaa kwenye matuta. Mimi nikatoa simu nipige picha. Mama yeye akainamisha kichwa kufuata bomba lilikotoka.

"Shikamoo bibi, karibu sana," kijana wa pale akasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Haya mahindi mlipanda lini?"

"Mwezi wa tano, bibi."

"Mvua si ilikuwa imeshakata?"

"Tunamwagilia."

Mama akacheka. "Hata mimi ukinipa bomba nitakuoteshea hayo. Nionyeshe kinachovumilia pasipo bomba."

Nilitegemea kijana anune. Wala. Alicheka na yeye, akaacha maelezo aliyokuwa amekariri, akatupeleka kwenye mihogo. Kuanzia hapo nikawa msikilizaji tu, na nadhani ilikuwa nusu saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipata kwenye maonesho.

Mama hakutazama ukubwa wa mche. Alishika jani, akaligeuza, akaangalia upande wa chini. Anatafuta inzi weupe, wale wadudu wadogo mno ambao ukitikisa mmea wanaruka kama majivu. Ndio wanaosambaza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Batobato anaijua, jani linajikunja na kuwa na mabaka ya njano, unaliona ukiwa mbali. Ila huu ugonjwa wa pili ndio uliomtesa, kwa sababu shina linaweza kuonekana zima kabisa hadi siku ya kuvuna. Kijana akachukua mihogo miwili, akaipasua kwa kisu mbele yetu. Mmoja mweupe. Wa pili, kwa nje ule ule, ndani una madoa ya kahawia makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo hii hii aliyoivuna msimu uliopita na kuimwaga, na majirani walimwambia udongo umechoka.

Kijana akamuuliza pingili, vile vijiti vya kupanda, alizitoa wapi. Kwa jirani, bila shaka, nani ananunua pingili? Hapo ndipo somo lilipokuwa: ugonjwa unahama na pingili. Unaweza kuhamia shamba jipya kabisa, ukatia na mbolea, lakini kama umepanda vijiti vyenye virusi umepanda ugonjwa. Akamweleza kuhusu wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu safi, na kwamba akiona mche mgonjwa mapema aung'oe asiuonee huruma. Kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru, chenye kazi hizi za mihogo na pamba, kiko Misungwi hapo, njia ile ile mama anayopita kila akija kwetu. Lakini kusema kweli ni mkulima gani anashuka kwenye basi kwenda kituo cha utafiti kuulizia vijiti? Kwenye maonesho mtaalamu amekaa pale, kazi yake siku hiyo ni kujibu, na hulipii ushauri.

Kwenye pamba hawakuelewana. Bango linasema nafasi ya sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo. Mama amezoea 90 kwa 40. Ukipiga hesabu, nafasi mpya inakupa mashimo mara mbili kwenye eka ile ile, kwa hiyo miche mara mbili, na kijana alikuwa anaizungumza kwa furaha sana. Mama akamwacha amalize. "Na ng'ombe wa palizi anapita wapi kwenye hizo sentimita 60? Au utakuja kunipalilia wewe?" Watu waliokuwa nyuma yetu wakaangua kicheko, wengi wao wazee wa Magu na Misungwi, na likageuka baraza kabisa. Kijana alikiri kwamba kwa anayepalilia na maksai hilo ni swali la kweli. Nampenda mtaalamu anayeweza kukiri hivyo hadharani.

Jirani na hapo akina mama wa kikundi kimoja walikuwa na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, wameoka maandazi na keki, wanaonjesha. Watoto walirudi mara tatu kwa kujidai hawajaonja. Swali la mama lilikuwa lile ambalo Msukuma yeyote angeuliza: vinatoa michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa? Jibu ni kwamba vinatoa, ila vina maji mengi kuliko vile vyeupe tulivyozoea, na ukivikausha vianike kivulini, kwa sababu jua kali linapunguza ile vitamini A unayovilia. Nikanunua unga wake kilo moja. Uji unatoka na rangi nzuri, mwanangu wa mwisho anaupenda, wa kwanza anasema unanukia boga.

Mifugo tuliipita haraka, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mitamba mizuri, mabeberu wakubwa wa kutisha, kuku, sungura. Kama unataka kununua mtamba zungumza na wahusika pale pale, ila usitegemee bei ya mnadani.

Upande wa uvuvi ndio uliowashika watoto. Wamezaliwa kando ya ziwa, samaki wanaomjua yuko kwenye sahani au kwenye beseni la muuza samaki Kirumba, leo wanamwona anaogelea. Kulikuwa na kamongo kwenye tangi la kioo. Ametulia chini kama kigogo, watoto wanagonga kioo, hatikisiki. Halafu polepole akapanda, akatoa mdomo juu ya maji, akavuta hewa kwa mlio, akashuka tena. Ana mapafu, akatuambia dada wa banda, akikaa chini ya maji bila kupanda anakufa, samaki mzima. Wa kati wangu aligoma kuondoka mpaka amwone akipanda tena.

Dada huyo alikuwa na rula ndefu ya mbao, na badala ya kuhutubia aliwapa watoto wapime samaki wenyewe. Sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Sato asipungue 25. Baba watoto alikuwa na ajenda yake ya vizimba vya kufugia samaki ziwani, tangu serikali ilipotoa mikopo ya boti na vizimba hapa Mwanza mwaka 2024 kila kijiwe kinaongelea vizimba. Akaelezwa vizuri: vifaranga wa sato wawe madume watupu kwa sababu wanakua haraka na hawajai kwa kuzaana, vibali vinahitajika kabla ya kutia chochote ziwani, na chakula cha samaki ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji. Alipofika kwenye chakula nilimwona uso unabadilika. Hajaligusa suala hilo tena nyumbani, na mimi sijamkumbusha.

Chakula cha mchana ndipo nilipokata ile nyota moja. Vibanda vya mama lishe viko, lakini kivuli hakitoshi, unakula huku vumbi linakusindikiza. Sahani ya sato na ugali tuliipata kwa 12,000, samaki mwenyewe mdogo. Binti yangu, aliyetoka kufundishwa kupima, alitandaza kiganja juu ya samaki na kutangaza kwa sauti kwamba huyu hafiki 25, ni haramu. Mwenye kibanda akajibu bila hata kugeuka: "Huyo wa kizimba, mama, mle tu." Labda ni kweli, labda si kweli, tulimla.

Vyoo vilikuwa vichache na kufika saa saba vilikuwa havitamaniki. Kwa maonesho ya mikoa mitatu hilo halina utetezi. Vibao vya kuelekeza hakuna, ukitaka banda fulani unauliza mpaka unachoka. Na kuna mabanda makubwa, yenye mapambo ya gharama, ambayo wahudumu wake wameinamia simu. Tuliingia moja, tukazunguka, tukatoka, hatukusalimiwa. Pia kuwa makini na mbegu. Nilikuta mtu anauza mbegu za mboga kwenye vimfuko visivyo na jina wala lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, katikati ya maonesho ya kilimo! Bei yake ilikuwa nusu ya wengine na alikuwa na wateja.

Mchana wa saa nane ngoma zilianza. Bugobogobo, wachezaji wamepanga mistari na majembe mkononi, wanayarusha, wanayadaka, vumbi juu. Mama alikaa mbele kabisa akawa anawasahihisha hatua kwa sauti ndogo. Baadaye wakaja Wayeye, wacheza nyoka wa Kisukuma, na chatu wao shingoni, na hapo wanangu wote mashujaa wa asubuhi wakahamia nyuma ya baba yao. Kama una mtoto anayeogopa nyoka, kaa mbali na duara, maana wanamleta mpaka ulipo na wanafurahia kabisa kukuona unakimbia.

Ushauri wa usafiri: msisubiri jioni. Tuliondoka saa kumi na daladala tulipata viti. Shemeji aliyebaki kununua mananasi ya Geita alitoka jua linazama, akakuta bodaboda wamepandisha bei mara mbili na watu wamejaa kituoni. Vaa viatu vya kufunika, beba maji ya kutosha kutoka nyumbani, na uwe na hela ya chenji, kwa sababu pale ndani mtandao wa kutuma pesa ulikuwa unakwama watu wakizidi. Pingili hazikuuzwa siku ile. Mama alichukua namba ya yule kijana, na ameshampigia kuulizia bei kabla mvua za vuli hazijaanza.