Askari aliyelegea au aliyekaza?

Tuseme sokoni Kadutu, mjini Bukavu, kwenye vitu vya kuchezea vya mitumba, unakuta G.I. Joe wawili, wale wanasesere askari wa plastiki, wa inchi 3¾, aina iliyoanza 1982. Mmoja miguu inaning'inia, mwingine kiwiko hakikunji. Mimi namchukua aliyelegea. Mara nyingi ni ile pete ya mpira ndani ya kiwiliwili imechakaa: fungua skrubu ya mgongoni, weka mpya, anasimama tena imara. Aliyekaza ana hatari zaidi. Mloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha mkunje taratibu. Ukilazimisha, plastiki inapasuka kwenye pini ya kiwiko na hapo thamani imekwenda.

Muuzaji akikuambia "mzima kabisa", kagua vidole gumba na nyonga kwanza. Kiwiko kilicholegea kwa kulika, pete haikitengenezi. Omba bei ishuke.